Gavana aliyewanyima wengi roho ya mtu mmoja

*John Slaton wa Georgia alikuwa amebakiza siku tano madarakani na mlango halali wa kutokea. Mwaka 1915 aliamua kulisoma jalada la mfungwa aliyesubiri kitanzi, akatia saini, na ndoto zake za siasa zikaishia hapo.*

Yapata saa nane usiku, kuamkia Jumatatu ya Juni 21, 1915, Gavana John Marshall Slaton alitoka kwenye maktaba ya nyumba yake, Wingfield, iliyokuwa nje kidogo ya jiji la Atlanta. Mkewe, Sallie, alikuwa bado macho akimsubiri. Alimuuliza kama amefikia uamuzi.

Slaton alimjibu kwamba ndiyo. Huenda uamuzi huo ukamgharimu maisha, au zaidi ya maisha, lakini ameamuru adhabu ya kifo ipunguzwe. Inasimuliwa kwamba Sallie alimbusu, akamwambia ni heri awe mjane wa mwanamume jasiri kuliko kuwa mke wa mwoga.

Kulipokucha, Georgia ilipata habari. Leo Frank, meneja wa kiwanda cha penseli aliyepangiwa kunyongwa siku iliyofuata, hatanyongwa. Atatumikia kifungo cha maisha. Wakati magazeti yanatoka, mfungwa huyo alikuwa amekwisha kutolewa kimyakimya katika jela ya Atlanta na kupelekwa usiku huohuo kwenye shamba la magereza la Milledgeville.

Jioni yake umati wenye silaha ulishika njia kuelekea Wingfield. Gavana alilazimika kuita askari wa akiba wa jimbo na kutangaza sheria ya kijeshi kuzunguka nyumba yake mwenyewe. Mahali pengine sanamu yake ilitundikwa kwenye kamba, ikiwa na bango lililomwita mfalme wa Wayahudi na gavana msaliti.

Mtu huyu hakuwa mwanaharakati wala mpinzani wa serikali. Miaka miwili kabla, watu wale wale ndio waliomweka kwenye kiti.

Mtoto wa mwalimu

Slaton alizaliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1866 katika kaunti ya Meriwether, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya Kusini kushindwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Baba yake alikuwa mwalimu aliyekuja kuwa msimamizi wa shule za umma za Atlanta. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Georgia, akahitimu mwaka 1886 kwa alama za juu, kisha akawa wakili Atlanta.

Mwaka 1898 alimwoa Sarah Frances Grant, ambaye watu walimwita Sallie, binti wa moja ya familia tajiri za jiji hilo. Wakati huo alikuwa ameshaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Alikaa humo kuanzia 1896 hadi 1909, miaka minne ya mwisho akiwa spika. Kisha akahamia Seneti ya jimbo, akawa rais wake.

Ngazi hiyo ilimfikisha kwenye ugavana kwa mara ya kwanza bila uchaguzi. Gavana Hoke Smith alipoondoka mwishoni mwa 1911 kwenda Seneti ya Marekani, Slaton alikaimu kwa miezi miwili hivi. Mwaka 1912 akachaguliwa mwenyewe, na Juni 1913 akaapishwa kwa muhula wa miaka miwili. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za hesabu zaidi: sheria ya kusawazisha kodi na kupanga upya madeni ya jimbo.

Si haki kumpaka Slaton rangi ya mtakatifu. Alikuwa spika wakati bunge la Georgia lilipopitisha mabadiliko ya katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1908, ambayo yaliwanyang'anya Wamarekani Weusi walio wengi haki ya kupiga kura. Chama chake, Democratic, kiliteua wagombea kwa kura za watu Weupe peke yao. Alikuwa mtu wa tabaka lake na wa zama zake.

Ndiyo maana kisa chake kina uzito. Aliyesimama mbele ya umati mwaka 1915 alikuwa mtu wa ndani kabisa, mwenye kila sababu ya kukaa kimya.

Dola moja na senti 20

Jumamosi ya Aprili 26, 1913 ilikuwa siku ya mapumziko Georgia, siku ya kuwakumbuka wapiganaji wa Kusini. Msichana wa miaka 13, Mary Phagan, alipanda tramu kwenda mjini kuchukua ujira wake katika kiwanda cha National Pencil, mtaa wa Forsyth. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kufungia vifutio kwenye penseli. Alidai dola 1.20.

Alilipwa na Leo Frank, meneja wa kiwanda. Hakurudi nyumbani. Usiku wa kuamkia Jumapili mlinzi wa usiku, Newt Lee, aliukuta mwili wake katika chumba cha chini ya ardhi. Kando yake palikuwa na vipande viwili vya karatasi vilivyoandikwa kwa mwandiko mbovu, kana kwamba ni marehemu mwenyewe aliyekuwa anamtaja mwuaji wake, vikielekeza lawama kwa mwanamume Mweusi.

Atlanta ilipandwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na haki yake. Familia nyingi za wakulima maskini zilikuwa zimekimbilia mjini, na watoto wao walifanya kazi viwandani kwa senti kumi kwa saa. Kifo cha Mary kiligusa kila mama aliyempeleka bintiye kazini kwa kukosa njia nyingine.

Polisi walimkamata Lee, wakakamata na wengine, mwisho wakamwangukia Frank. Alikuwa na miaka 29, mzaliwa wa Texas aliyekulia Brooklyn, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi mjini hapo. Machoni pa wengi alikuwa mgeni mara mbili: mtu wa Kaskazini na Myahudi. Mara ya tatu alikuwa bwana mkubwa wa kiwanda.

Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa Jim Conley, mfagiaji wa kiwanda, mwanamume Mweusi. Conley alikiri kwamba zile karatasi aliziandika yeye, ila akasema Frank ndiye aliyemwamuru, na kwamba wawili hao waliuteremsha mwili chini kwa lifti. Alikuwa amebadili maelezo yake polisi mara kadhaa kabla ya kufika hapo.

Madirisha wazi

Kesi ilianza Julai 28, 1913 mbele ya Jaji Leonard Roan. Joto lilikuwa kali, madirisha ya chumba cha mahakama yaliachwa wazi, na kelele za umati uliosimama nje ziliingia ndani hadi kwenye viti vya jopo la raia 12 waliosikiliza kesi. Mwendesha mashtaka Hugh Dorsey alishangiliwa mitaani kila alipotoka.

Siku ya hukumu, Agosti 25, jaji alihofia kwamba Frank akiachiwa huru yeye na mawakili wake wangeuawa palepale. Hukumu ilisomwa bila wao kuwepo. Jopo lilichukua muda usiotimia saa nne kumkuta na hatia.

Rufaa zilifuatana. Mahakama ya Juu ya Georgia ilizikataa. Aprili 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilikataa, kwa kura saba dhidi ya mbili. Majaji wawili waliopinga, Oliver Wendell Holmes na Charles Evans Hughes, walisema kesi iliyotawaliwa na umati si kesi, hata kama taratibu nyingine zote zimefuatwa.

Milango ya mahakama ikafungwa. Ukabaki mlango mmoja tu, wa gavana.

> "Ukabaki mlango mmoja tu, wa gavana."

Mizani ya pande mbili

Waliotaka Frank anyongwe hawakukosa hoja. Raia 12 walikuwa wamesikia ushahidi kwa karibu mwezi mzima. Mahakama zote za juu zilikuwa zimepewa nafasi ya kutengua hukumu na hazikuitengua. Tume ya Magereza ya jimbo ilikuwa imependekeza, kwa kura mbili dhidi ya moja, kwamba adhabu isipunguzwe. Kwa nini mtu mmoja ajiweke juu ya wote hao?

Tena waliona fedha nyingi zikimiminika kutoka Kaskazini. Tajiri wa matangazo wa Chicago, Albert Lasker, aligharimia utetezi. Gazeti la New York Times lilipigia debe upande wa Frank. Kwa familia ya mtoto wa kiwandani iliyokosa hata mtu wa kuiandikia barua, ilionekana wazi kwamba mwenye nacho ananunua uhai.

Hoja hiyo ndiyo Tom Watson aliyoigeuza sumu. Watson alikuwa mwanasiasa wa wakulima maskini aliyegeuka mchochezi. Magazeti yake, hasa Jeffersonian, yalimwaga chuki dhidi ya Wayahudi wiki baada ya wiki, na mauzo yakapaa. Inasimuliwa kwamba alimtumia Slaton ujumbe: mwache Frank anyongwe, nami nitakuunga mkono kwenda Seneti.

Upande wa pili ulikuwa na Jaji Roan mwenyewe. Kabla ya kufariki dunia mwaka 1915 aliacha barua akikiri kwamba hakuwa na uhakika wa hatia ya mtu aliyemhukumu kifo, na akaomba adhabu ipunguzwe. Alikuwepo pia William Smith, wakili aliyekuwa amemwakilisha Conley, ambaye sasa alisema hadharani kwamba mwuaji ni mteja wake. Zaidi ya watu 100,000 kutoka pembe zote za Marekani walimwandikia gavana au kuweka sahihi zao kwenye maombi ya huruma.

Barua za kutishia kumuua gavana nazo zilizidi 1,000.

Slaton alifungua vikao vya kusikiliza pande zote Juni 12. Dorsey alikuja kuitetea hukumu. Alikuja pia Joseph M. Brown, mtu aliyemtangulia Slaton katika kiti cha ugavana. Brown alimwambia mrithi wake kwamba akizitengua kazi za mahakama atakuwa anawaalika watu wachukue sheria mkononi.

Kazi ya jalada

Palikuwa na njia ya kukwepa, na ilikuwa halali. Muhula wa Slaton ulikuwa unaisha Juni 26. Angeweza kuahirisha utekelezaji wa adhabu kwa wiki chache tu, akakabidhi jalada kwa Nat Harris, gavana mteule. Hakuna sheria ambayo angeivunja. Angeondoka na jina lake na njia yake ya Seneti.

Aliikataa njia hiyo, akajifungia na nyaraka zilizozidi kurasa 10,000. Alikwenda mwenyewe kiwandani, akaikagua lifti, akashuka chumba cha chini. Alichokiandika baadaye, amri ya kurasa 29, ni hati ya wakili anayepima ushahidi kipande kwa kipande.

Chukua jambo la lifti. Conley alikuwa amekiri kwamba asubuhi ile ya Jumamosi alijisaidia haja kubwa chini ya shimo la lifti. Polisi walioingia Jumapili alfajiri walishuka kwa ngazi ya mkono, wakakikuta kinyesi kile kikiwa kizima. Baadaye lifti ilipoteremshwa, ilikiponda na harufu ikatapakaa. Lifti ile kila iliposhuka iligusa ardhi. Kama Jumamosi mchana ingekuwa imeteremsha mwili wa Mary, kama Conley alivyoapa, kinyesi kingekuwa kimepondwa tangu siku ile.

Ni jambo la kutia kinyaa, na mawakili wa Frank wenyewe hawakulipa uzito lilipotajwa mahakamani. Slaton hakuona aibu kulichambua ndani ya hati rasmi ya serikali. Roho ya mtu ilikuwa imening'inia hapo.

Akaenda kwenye karatasi. Upande wa mashtaka ulisema Conley aliandika ujumbe ule ofisini kwa Frank, ghorofa ya juu. Lakini kimoja cha vipande vile kilikuwa karatasi ya zamani ya kuagizia bidhaa, yenye sahihi ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi kiwandani. Vitabu vya karatasi hizo chakavu vilikuwa vimetupwa chini, chumba kilekile ulimokutwa mwili.

Na nywele zilizopatikana kwenye mashine ghorofa ya juu, ambazo zilitumiwa kuonyesha kwamba Mary aliuawa huko? Daktari wa upande wa serikali alikuwa amezipima kwa hadubini, akaona hazifanani na za marehemu. Jopo halikuwahi kuambiwa.

> "Roho ya mtu ilikuwa imening'inia hapo."

Hata hivyo Slaton hakumwachia Frank huru. Alimpunguzia adhabu tu, kwa hoja kwamba sheria ya Georgia yenyewe iliruhusu kifungo cha maisha pale ushahidi unapokuwa wa kimazingira, na kwamba jaji wa kesi mwenyewe alikuwa na shaka. Aliwaambia watu wa karibu kwamba anaamini Frank hana hatia. Mtu aliye hai anaweza kusafishwa jina na kutoka gerezani, aliyezikwa hawezi.

Akajilinganisha na Pilato, gavana mwingine wa kale, aliyenawa mikono na kumtoa Myahudi kwa umati. Jina lake, alisema, limelaaniwa kwa miaka 2,000. Yeye hangeweza kuishi na damu ya namna hiyo mikononi.

Doa la kweli

Wakosoaji walikuwa na mshale mmoja uliofika shabaha. Slaton alikuwa mbia katika kampuni ya mawakili pamoja na Luther Rosser, wakili mkuu wa Frank. Alisema hakuigusa kesi hiyo, na hakuna aliyethibitisha kinyume chake. Lakini kwa mwananchi wa kawaida, gavana alikuwa ameamua shauri la mteja wa ofisi yake mwenyewe.

Kwa viwango vya leo jambo hilo lingetosha kumtaka akae pembeni. Linastahili kusemwa bila kumumunya maneno. Ila katiba ya Georgia wakati ule iliweka mamlaka ya msamaha mikononi mwa gavana, na kujitoa kwake kungekuwa na maana moja: kitanzi, au mzigo kumwangukia Harris akiwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Doa hilo liliipa chuki kisingizio. Hoja za kurasa 29 halikuzigusa.

Lipo na doa pana zaidi, ambalo si la Slaton peke yake. Mawakili wa Frank walimshambulia Conley kwa matusi ya ubaguzi wa rangi mahakamani, wakidhani hayo yatatosha kuwashawishi raia 12, wote Weupe. Linabaki swali chungu: katika jimbo ambamo magenge yaliua karibu watu Weusi 600 kati ya 1877 na 1950, ni gavana gani aliyewahi kukesha na jalada la mmoja wao?

Swali hilo halimpunguzii Slaton ujasiri wake. Linatuonyesha jinsi haki ile ilivyokuwa adimu, na wangapi hawakuifikia.

Siku 57

Juni 26 Slaton alimkabidhi Harris madaraka. Wakati wa shughuli hiyo mtu mmoja alimrukia akiwa na kipande cha bomba, ofisa wa askari wa akiba akamzuia. Slaton na mkewe waliondoka Georgia kwa muda, kwa kuwa usalama wao haukuwa wa kutegemewa.

Frank naye hakuwa salama. Julai 17, mfungwa mwenzake alimkata koo kwa kisu usingizini. Alinusurika. Usiku wa Agosti 16 genge la watu wapatao 25 liliingia katika gereza la Milledgeville, likamchukua bila risasi kufyatuliwa, likasafiri naye kwa magari usiku kucha hadi karibu na mji wa Marietta, alikokulia Mary Phagan. Asubuhi ya Agosti 17 walimnyonga kwenye mti. Zilikuwa zimepita siku 57 tangu amri ya Slaton.

Watu walifurika kuja kutazama, picha zikauzwa kama kumbukumbu. Uchunguzi wa kifo ulihitimisha kwamba aliuawa na watu wasiojulikana. Katika mji ule hapakuwa na mtu asiyewajua.

Majina yalikuja kuchapishwa mwaka 2000, na miaka mitatu baadaye kitabu cha mwandishi Steve Oney kikaeleza kwa kina. Hawakuwa wahuni wa mitaani. Miongoni mwa waliotajwa kuyapanga mauaji hayo wamo jaji mmoja, mtu aliyewahi kuwa meya wa Marietta, na Joseph M. Brown, gavana yule aliyemwonya Slaton kwamba watu watachukua sheria mkononi.

> Miongoni mwa waliotajwa kuyapanga mauaji yumo gavana yule aliyemwonya Slaton.

Kiti kimoja, watu wanne

Hapa ndipo kisa cha Slaton kinapokuwa kikubwa kuliko maisha yake. Wanaume wanne walikalia kiti cha ugavana wa Georgia karibu wakifuatana, na wote wanne waligusa kesi hii.

Brown, kabla yake, anatajwa kuwa mmoja wa waliopanga mauaji. Slaton alizuia kitanzi. Harris, baada yake, alilaani mauaji hayo, lakini serikali yake haikumfikisha mtu yeyote mahakamani. Wa nne ni Hugh Dorsey, mwendesha mashtaka aliyeshangiliwa mitaani. Aligombea mwaka 1916 na kushinda kwa kishindo.

Watson naye alipata alichokitaka: alichaguliwa kuingia Seneti ya Marekani mwaka 1920. Na kabla ya hapo, Novemba 1915, kundi la Ku Klux Klan lilifufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, nje ya Atlanta, miezi mitatu baada ya Frank kunyongwa.

Slaton alikuwa ameshindwa kura za Seneti mwaka 1914. Alijaribu tena mwaka 1930 dhidi ya William J. Harris, akashindwa tena. Hakushika tena wadhifa wa kuchaguliwa na wananchi. Mawakili wenzake walimheshimu na kumchagua kuongoza chama chao cha jimbo. Alifariki dunia Atlanta Januari 11, 1955, akiwa na miaka 88.

Inafaa kutajwa kwamba Dorsey, akiwa gavana, mwaka 1921 alitoa kijitabu kilichoorodhesha visa 135 vya ukatili dhidi ya watu Weusi wa Georgia. Madaraka huweza kumfunza mtu hata aliyeyapata kwa njia mbaya. Lakini Mary Phagan na Leo Frank walikuwa wameshazikwa.

Hesabu ya mwisho

Je, uamuzi wa Slaton ulikuwa bure, kwa kuwa Frank aliuawa hata hivyo? Wapo wanaosema hivyo. Wengine huenda mbali zaidi, wakidai kwamba angemwacha anyongwe kisheria angeiepushia Georgia fedheha.

Hoja hiyo haisimami. Kuna tofauti kubwa kati ya jimbo kushindwa kumlinda mtu na jimbo kumnyonga lenyewe huku likiwa na shaka. La kwanza ni udhaifu, na la pili ni uovu uliogongwa muhuri. Slaton aliinyima chuki muhuri wa serikali, na chuki ikalazimika kufanya kazi yake usiku na kuficha majina kwa miaka 85.

Kisheria nako mbegu iliota. Mwaka 1923, katika kesi ya Moore dhidi ya Dempsey iliyohusu watu Weusi wa Arkansas waliohukumiwa kifo chini ya vitisho vya umati, Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali msimamo ambao Holmes na Hughes walishindwa nao katika kesi ya Frank. Aliyeiandika hukumu hiyo alikuwa Holmes mwenyewe.

Mwaka 1982 mzee aitwaye Alonzo Mann, aliyekuwa mtoto wa kazi ofisini kwa Frank, alizungumza na gazeti la Tennessean. Alisema siku ile alimwona Conley, akiwa peke yake, amebeba mwili wa Mary, na Conley akatishia kumuua akisema. Mama yake alimwambia anyamaze, naye akanyamaza takriban miaka 70. Bodi ya Msamaha na Parole ya Georgia ilikataa ombi la kumsafisha Frank mwaka 1983. Machi 11, 1986 ikatoa msamaha bila kugusa suala la hatia, ikikiri kwamba jimbo lilishindwa kumlinda na kuwafikisha wauaji wake mbele ya sheria.

Familia ya Mary imeendelea kuamini kwamba Frank ndiye mwuaji, na uchungu wao haupaswi kudharauliwa na yeyote. Mtoto wao ndiye aliyeanza kufa katika kisa hiki, na mara nyingi ndiye anayesahaulika kwanza.

Mwaka 2015, miaka 100 baada ya saini yake, kibao cha kumkumbuka Slaton kiliwekwa Atlanta.

Mamlaka aliyoyatumia hayakuwa mapya. Yalitoka kwa wafalme wa Uingereza, na kwa njia hiyohiyo yakafika kwetu: Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya zinampa Rais uwezo wa kusamehe na kupunguza adhabu. Kwa kawaida tunayasikia siku za sikukuu, inaposomwa idadi ya wafungwa waliosamehewa. Slaton anatukumbusha upande wake mgumu, pale mfungwa ni mmoja, jina lake linachukiwa, na wenye kura wamesimama langoni.

Waswahili husema wengi wape. Katika bajeti, katika sheria za kodi, katika kuchagua nani aongoze, kauli hiyo ndiyo demokrasia yenyewe. Katika roho ya mtu mmoja haifai, kwa sababu umati haujui kusoma jalada. Ndiyo maana katiba nyingi zimemkabidhi kazi hiyo kiongozi mmoja, na kumtaka aisome kweli kabla ya kutia saini. Kiongozi anayesikiliza kelele za nje na kuliacha jalada limefungwa ameitupa kazi ambayo wananchi hao hao walimwapisha aifanye. Slaton aliifanya, akalipa kwa kila alichokuwa anakitarajia katika siasa, na Georgia haikupata sababu ya kumwonea haya.